Niko London, Lakini Siwezi Kukuingiza Ally Pally

Hamjambo watu wangu, karibuni tena. Leo sina matembezi wala mapishi. Nimekaa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, kwa sababu tangu Januari swali ni lile lile: "Dada, wewe uko London, nitafutie njia nije nirushe vishale kama Munyua." Yaani David Munyua, Mkenya aliyecheza Ubingwa wa Dunia wa vishale (darts) hapa London. Wengine mnauliza kwa heshima. Wengine mnaniambia nimefika nikavuta ngazi. Nitajibu leo mara moja, na atakayesema ninajigamba au ninalialia, basi aseme.

Nianze na ile video ya kilimani. Mliniona nimesimama mbele ya Alexandra Palace, yaani Ally Pally, ukumbi wa mashindano hayo, usiku, taa za London zote ziko chini yangu, mkaandika kwamba ninakula raha na sitaki kuwaonyesha ndani. Sikuingia ndani. Sijawahi kuingia.

Siku Munyua alipocheza na Mike De Decker wa Ubelgiji, Desemba 2025, nilikuwa kazini kwenye makao ya wazee, zamu ya saa 12. Wakati wa chai nikachungulia simu: seti 2 kwa 0, Mbelgiji anaongoza. Nikaizima, nikaenda kumlisha bibi mmoja. Niliporudi kuiwasha ni 3 kwa 2, Munyua. Daktari wa mifugo kutoka kwetu, Mkenya wa kwanza kucheza Ubingwa wa Dunia, amemtoa mtu aliyechukua taji kubwa la World Grand Prix mwaka 2024! Nililia pale koridoni, na mwenzangu wa zamu akadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Nikaapa mechi yake ya pili sitaikosa. Tiketi za pale huisha miezi kabla, kwa hiyo nikanunua kwa mtu mtandaoni, pauni 140. Hiyo ni karibu shilingi elfu 24, na kwangu ni zamu nzima ya kuinua watu na kubadilisha mashuka. Nikapanda kile kilima kwenye baridi, watu wananipita wamevaa kama ndizi, kama watawa, wanaimba. Mlangoni mashine ikakataa. Tiketi yangu ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine. Aliyeniuzia hajashika simu mpaka leo. Ndipo nikawarekodia ile video, kwa sababu nilishafika na sikutaka kurudi mikono mitupu. Ndani, Munyua alitolewa kwenye raundi hiyo ya pili, na mimi nilikuwa kituo cha basi.

Sasa nyinyi mnaoniomba njia. Fikirieni jambo hili: mimi nakaa mabasi mawili tu kutoka ukumbi ule, na mlango wamenifungia. Yeye alikuwa Kenya, na jukwaa akalipanda. Alipita kwenye mchujo wa Afrika, akashinda nafasi yake, akaja na jina lake likiwa kwenye orodha ya watu 128. Kukaa London hakukusogezi hata hatua moja. Mlango uko huko mliko, na mnaniomba ufunguo mimi niliye nje.

Najua mtaniuliza kuhusu Q-School, mchujo wa kutafuta kadi ya kucheza vishale vya kulipwa, maana kuna mmoja ameniandikia mara nne. Ipo, kila Januari, Milton Keynes hapa Uingereza na Kalkar kule Ujerumani. Ukifuzu unapewa kadi ya miaka 2 ya kucheza mashindano ya PDC, shirika linaloendesha vishale vya kulipwa. Lakini kadi haina mshahara. Ada ya kuingia unalipa wewe, hoteli wewe, ndege wewe, na ukitolewa mapema wiki baada ya wiki hupati kitu. Mwenye kiti chake cha kudumu kwenye baa ya mtaani, anayemfunga kila mtu kwa bia, asiuze ng'ombe kwa ajili ya hiyo kadi kabla hajacheza mashindano ya kitaifa. Haya ni maoni yangu mimi, kulingana na niliyoyapitia. Mwenzangu anaweza kukuambia vingine.

Na hesabu za pesa pia mnazifanya vibaya. Mmemwona Luke Littler, aliyetwaa ubingwa huo akiwa na miaka 18, ameondoka na pauni milioni 1, mkadhani kila mtu anaoga noti. Kutolewa raundi ya pili ni pauni 25,000. Ni pesa nyingi, sikatai, ni zaidi ya shilingi milioni 4. Lakini mwanamichezo asiyeishi Uingereza kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 20 kabla hajaigusa. Halafu toa tiketi ya ndege, toa siku alizofunga kazi, toa mwaka mzima wa mazoezi ambao hakuna aliyemlipa.

Viza nitaongea kwa kifupi kwa sababu bado inaniuma. Mdogo wangu ndiye mchezaji kwetu. Mimi najua tu kutazama. Nilitaka aje kama mgeni wangu, aone ukumbi kwa macho yake. Ada ilikuwa pauni 127, nikalipa. Wakala aliyemjazia fomu alichukua shilingi elfu 30 juu yake, akaambatisha taarifa ya benki ya mtu mwingine kabisa. Maombi yakakataliwa, na ada hairudishwi. Mama hakusema na mimi wiki tatu, akiamini sikutaka mtoto wake aje. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba ninawabania watu, ujue unamwandikia mtu aliyeshindwa kumleta ndugu yake wa tumbo moja.

Nilichoweza kumfanyia nimefanya. Nimemtumia seti ya vishale na ubao, ameupigilia ukutani nyuma ya nyumba, na jana amenitumia picha. Nimemwambia aurekebishe. Katikati ya ubao iwe mita 1.73 kutoka chini. Mstari wa kusimama uwe mita 2.37, na hiyo anapima kutoka uso wa ubao. Yeye alipima kutoka ukutani, na ubao una unene wake. Amesema kesho akitoka shambani atachora upya.