Git na kazi ya kuandika historia ya programu

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie zana zinazotumika leo kutengeneza programu za kompyuta. Nikitaka kuzitaja zote, tutakesha. Kuna vihariri vya kuandikia msimbo, yaani maandishi ya maagizo ya programu, kama Visual Studio Code ambacho wengi wenu mnakitumia. Kuna Docker, iliyotoka 2013, inayofungasha programu pamoja na kila inachohitaji ili iende kwenye seva kama inavyokwenda kwenye kompyuta yako. Kuna majaribio yanayojiendesha yenyewe kila msimbo unapobadilika. Na sasa kuna wasaidizi wa akili mnemba. Nyingi kati ya hizi zitabadilika kabla hamjazeeka kazini. Mimi leo nataka tukae na moja tu, ile ambayo nyingine zinaiegemea: Git, mfumo wa kutunza historia ya kila badiliko la msimbo.

Git ilizaliwa kwa dharura. Linus Torvalds alianzisha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1991, na kwa miaka mingi watu walimtumia mabadiliko yao kwa barua pepe. Mwaka 2002 mradi ukahamia kwenye mfumo wa kutunza historia uitwao BitKeeper, mali ya kampuni binafsi iliyowaruhusu kuutumia bila malipo. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Torvalds akaanza kuandika mfumo wake mwanzoni mwa Aprili, na ndani ya siku chache tu Git ilikuwa inatunza historia ya msimbo wake yenyewe. Juni mwaka huohuo, toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limesimamiwa na Git. Julai akamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameulea mradi huo tangu wakati huo.

Ninataja haya kwa sababu umbo la Git limetokana na shida ile. Watu waliokuwa wametawanyika dunia nzima, waliokwisha kuona ubaya wa kutegemea mlango wa mtu mmoja, walitaka kila mmoja awe na historia yote mkononi. Ndiyo maana ukinakili mradi kwa Git hupati toleo la leo peke yake. Unapata yote yaliyotangulia. Intaneti ikikatika, bando likiisha, bado unaweza kuhifadhi kazi, kufungua tawi jipya, yaani njia ya pembeni ya kujaribia mambo, kulinganisha leo na mwaka juzi. Sisi tunaofanya kazi kwa bando la kupima hilo tulipe uzito wake.

Hapa niwarekebishe jambo ninalolisikia kila muhula. Git si GitHub. GitHub ni huduma ya mtandaoni iliyofunguliwa 2008, na Microsoft waliinunua 2018. Ni mahali pa kuwekea nakala na kujadiliana. Git inaishi kwenye kompyuta yako, na ingeendelea kufanya kazi hata huduma hiyo isingekuwepo.

Sasa tuingie ndani. Unapohifadhi hatua ya kazi, yaani unapopiga komiti, Git inachukua picha ya mradi wote ulivyo wakati huo. Inaandika nani amefanya, lini, kwa maelezo gani, na komiti iliyotangulia ni ipi. Kisha vyote hivyo inavikokotoa kuwa utambulisho mmoja wa herufi na tarakimu 40. Ukibadilisha hata nukta moja katika komiti ya mwaka juzi, utambulisho wake unabadilika, na wa kila komiti iliyoifuata pia, kwa kuwa kila moja inamtaja mzazi wake. Huwezi kugusa ya zamani kimyakimya halafu wenzako wenye nakala wasione.

Katika hayo yote, kitu pekee ambacho Git haiwezi kukufanyia ni maelezo. Hayo unaandika wewe. Ninakagua kazi za wanafunzi na ninakuta komiti nzima nzima zimeandikwa "nimerekebisha", "mabadiliko", "sasa iko sawa". Jamani, umerekebisha nini? Ilikuwaje kabla?

Chukueni mfano. Tuseme mnatengeneza mfumo wa miadi ya zahanati. Mgonjwa anaandikishwa kwa 4/5, yaani tarehe 4 Mei, na mfumo unamwekea Aprili 5. Awali ulikuwa sawa. Tangu ulipokuwa sawa zimepita komiti 1,000. Utazisoma zote? Hapana. Mnapiga git bisect, amri ya kutafuta kosa kwa kugawa nusu nusu, mnaiambia ipi ilikuwa nzima na ipi ni mbovu. Git inawapeleka katikati, kwenye ya 500, mnajaribu tarehe ileile. Ni sawa? Basi kosa liko nusu ya pili. Inawapeleka katikati ya nusu hiyo. Zinabaki 250, 125, na kuendelea, na kwa majaribio kama 10 tu mnafika kwenye komiti yenyewe. Mnaifungua. Ikiwa imeandikwa "mabadiliko", mmebaki gizani na taa mkononi. Ikiwa imeandikwa "Soma mwezi kabla ya siku, ili tarehe zilingane na faili la maabara", mnaelewa mara moja: mwenzenu hakukosea kwa uzembe, alikuwa anatatua shida nyingine, na mkirudisha tu ya zamani mtaiharibu maabara. Sentensi moja imewaokolea siku nzima.

Historia hii ni ya usalama pia. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye kompyuta yake kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa usalama kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungepuuza. Yeye akafuatilia hadi akagundua kwamba XZ Utils, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alitumia jina Jia Tan, na alikuwa amejenga imani ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Sehemu ya hila ilikuwa ndani ya historia, imefichwa kwenye mafaili ya majaribio ambayo macho hayawezi kuyasoma. Lakini kile kipande cha kuiamsha hakikuwekwa kwenye Git. Kiliwekwa kwenye furushi la toleo linalopakuliwa. Mimi naliona hilo kuwa ushahidi mzito: pale ambapo kila mstari unaonekana na kila mtu, ndipo alipoogopa kuuweka.

Na mambo yasiyofutika yana upande wa pili. Ukiweka nywila ya kanzidata au ufunguo wa huduma ya malipo kwenye komiti, ukaigundua kesho ukaifuta, haijafutika. Iko kwenye komiti ya jana, na kila mwenye nakala anayo. Ikitokea, dawa ya kwanza ni kuubadilisha ufunguo wenyewe, saa hiyohiyo, ndipo mshughulike na historia. Na mtoe taarifa kwa wenzenu bila kuona haya.

Wapo mtakaoniuliza kama haya yana maana wakati akili mnemba inaandika msimbo. Naamini yana maana zaidi. Mashine ikikuletea mistari 300 kwa dakika moja, kuandika si tatizo tena. Tatizo ni nani ameisoma, nani ameikubali, na kwa sababu gani. Usipige komiti ya kitu ambacho huwezi kukieleza kwa maneno yako.

Kwa mazoezi ya alasiri, tutanakili DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Unatumika hapa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko, na msimbo wake uko wazi. Ni mradi mkubwa, kwa hiyo nimekwisha kuupakua. Mtauchukua kwenye kompyuta yangu kwa waya, msichome bando. Kila mmoja achague faili moja, apige git log, amri inayoorodhesha komiti, asome komiti zake kuanzia ya kwanza, kisha atueleze kwa nini faili hilo liko jinsi lilivyo leo. Tuanze saa nane kamili.