Tujenge mkonga wa rimoti unaopanda mawe

Habari zenu, wadau, na karibuni. Leo nimekuja na kamera mpaka huku kwenye mawe, maana Mwanza hatuna shida ya mawe; ukitoka nje ya mlango tu, uwanja wa majaribio umeshaupata. Hili hapa mbele yenu ni Land Cruiser pikapu, ile tunayoiita mkonga, iliyopunguzwa mara kumi. Linaendeshwa kwa rimoti na wala halikimbii. Kazi yake ni kutambaa: kushika jiwe, kupanda polepole, kusimama katikati ya mteremko bila kurudi nyuma, kisha kuendelea. Magari ya namna hii yanaitwa krola, na leo tunajenga moja kuanzia chasisi mpaka rangi.

Kabla hujatoa hela mfukoni, shika jambo moja. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mota gani ina nguvu?" Krola ikishindwa jiwe, ni mara chache kosa linakuwa la mota. Kosa huwa uzito: umekaa juu mno, au umekaa nyuma mno. Kwa hiyo kila ukiniona nafunga kitu, jiulize: hiki kinaongeza uzito wapi?

Tuanze na vipimo. Chukua tepu na daftari, nenda kwenye gari lenyewe. Mwombe mwenye gari ruhusa na umweleze unachofanya. Mimi sijawahi kukataliwa, na wengine wananishikia ncha ya pili ya tepu. Kipimo cha kwanza ni kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa mkonga wa toleo la 79 ni milimita 3180. Gawa kwa kumi, unapata 318. Iandike kubwa juu ya ukurasa. Chasisi nyingi za krola zinazouzwa zina 313 au 324, kwa hiyo utabadilisha urefu wa mikono inayoshika ekseli mpaka uifikie 318 yako. Ukipuuza hili, gurudumu litakaa pembeni ya tao lake kwenye bodi, na jicho la mtu anayelijua gari litaona kasoro hata kabla hajajua ni nini.

Endelea na boneti, mlango, mwinamo wa kioo cha mbele, urefu wa bodi la mizigo. Picha za upande zipige ukiwa umechuchumaa, kamera iwe usawa wa kitasa cha mlango, na uwe mbali kidogo. Picha iliyopigwa kwa karibu kutoka juu inadanganya vipimo.

Kuna kitu wengi hawakioni. Mkonga wa V8 ekseli yake ya mbele ni pana kuliko ya nyuma, tofauti inapita sentimita 9 kati ya gurudumu na gurudumu. Kwa kipimo chetu ni kama milimita 9 na nusu, yaani karibu 5 kila upande. Nimeweka vishikio vya rimu vinene zaidi mbele, basi. Limesimama kama lenyewe.

Na matairi je? Tairi la 7.50R16, lile la magari ya kazi, lina kimo cha karibu sentimita 80. Likipunguzwa linakuwa milimita 80. Sasa matairi ya krola ya rimu ya inchi 1.9 mengi yanafika milimita 110 na kuzidi. Yanapanda vizuri sana, lakini mkonga ukiyavaa unaonekana kama trekta. Mimi nimechagua rimu za inchi 1.55 na tairi la milimita 95. Nimepoteza kidogo kwenye nafasi ya tumbo, nimepata sura. Kama wewe unataka kushindana mawe tu, chukua 1.9.

Twende mezani. Fremu ni reli mbili za chuma na vyuma vinavyoziunganisha. Kila skrubu inayoingia chuma kwa chuma, itie tone moja la gundi ya nyuzi, ile ya bluu, kwa sababu mtikisiko wa kwenye mawe unafungua kila kitu. Inayoingia kwenye plastiki usiitie. Gundi hiyo inaweza kuipasua plastiki. Na tumia alenki nzuri ya milimita 2. Alenki iliyochakaa inakula vichwa vya skrubu, na utapoteza jioni nzima kutoa moja tu.

Ekseli zote mbili difu zake zimefungwa, gurudumu la kushoto na la kulia yanazunguka pamoja muda wote. Barabarani hilo ni tabu wakati wa kukata kona, ila kwenye jiwe, gurudumu moja likining'inia hewani, lililobaki chini linaendelea kuvuta.

Sasa naomba utulie hapa kwenye usukani, ndipo wajenzi wengi wanapokwama. Gari halisi mbele lina springi za koili, na kuna fimbo ya mshazari inayotoka kwenye fremu upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili, ili ekseli isicheze kushoto na kulia. Sisi tunafanya vilevile, na sevo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu, tunaifunga kwenye fremu badala ya kuipandisha juu ya ekseli, maana kwenye gari halisi juu ya ekseli hakuna kidude cheusi kimekaa. Gharama yake ni hii: fimbo inayotoka kwenye sevo lazima iwe na urefu sawa na ile fimbo ya mshazari, na zilale sambamba. Angalia. Nimewasha rimoti, sijagusa usukani, nasukuma pua ya gari chini na kuiachia. Matairi yanabaki yametazama mbele. Sasa nahamisha ncha ya fimbo hii tundu moja juu, nasukuma tena. Umeona? Matairi yanageuka yenyewe. Gari la hivyo likipanda jiwe linachagua njia lenyewe, na wewe unahangaika na rimoti ukidhani mkono wako ndio mbovu.

Propela, yaani shafti zinazopeleka mzunguko kwenye ekseli, zina uma mwanzoni na mwishoni. Uma za ncha zote mbili zielekee upande mmoja. Zikipishana, propela inatetemeka na kujikaza kila mzunguko. Kisha pinioni, ile gia ndogo ya mota, na gia kubwa: weka kipande cha karatasi ya daftari katikati, sukuma mota mpaka meno yabane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo sahihi. Ukibana mno, mota inapata moto. Ukilegeza mno, meno yanasagika.

Mota yenyewe ni ya brashi, saizi ya 540, mizunguko 45 ya waya. Namba ikipanda, mwendo unashuka na gari linakuwa tulivu mkononi. Za 35 zina kasi, za 55 ni za taratibu kabisa. Kidhibiti mwendo kichague cha krola, chenye breki ya kujishika, na breki hiyo iweke asilimia 100. Ndiyo inayolifanya gari lisimame kwenye mteremko ukiachia kidole. Sevo nimeweka yenye nguvu ya kilo 25, gia za chuma. Usukani ukifika mwisho na ukasikia sevo inalia, punguza mwisho wa mzunguko wake kwenye rimoti mpaka sauti ikome, la sivyo itaungua. Nyaya za mota lehemu vizuri na uzifunike. Risiva, kile kidude kinachopokea mawimbi ya rimoti, nimeitia ndani ya puto na kufunga mdomo wake kwa kibana waya, kwa sababu kando ya ziwa maji hayaepukiki.

Betri ni lipo, yaani ya lithiamu-polima, ya seli mbili, volti 7.4, ndogo, ya miliampea-saa 2200. Ichaji kwa ampea 2.2, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya simenti, mbali na godoro na pazia, na wewe uwepo hapohapo. Kidhibiti kikate umeme seli ikishuka volti 3.2. Betri iliyovimba usiitumie tena, hata kama bado inawasha gari. Hapo sina mjadala. Na ifunge mbele kadiri inavyowezekana, chini, nyuma tu ya ekseli ya mbele.

Bodi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wengi wetu tumekua tukitengeneza magari ya madebe na waya, matairi tukikata kwenye ndala zilizochakaa. Mkono ule unajua kazi hii tayari. Bodi za plastiki ngumu zinauzwa, lakini hili nimelitengeneza kwa bomba la PVC la milimita 110. Ukilipasua kwa urefu na kulinyoosha, unapata bapa lenye upana wa karibu milimita 345. Lipashe kwenye maji yaliyochemka au kwa draya ya saluni mpaka lilegee, litandaze kati ya mbao mbili, kandamiza na vitu vizito, acha lipoe. Usilipashe kwenye moto wa mkaa: PVC ikiungua inatoa moshi wa sumu unaochoma mapafu.

Bapa hilo ni zito, kwa hiyo nimelitumia chini tu: sakafu, kuta za bodi la mizigo, sehemu ya chini ya milango. Kuanzia dirishani kwenda juu, pamoja na paa, nimetumia vile vibao vyepesi vya plastiki vya mafundi wa mabango. Omba mabaki, wanayatupa. Chora kwanza kwenye katoni, kata katoni, iweke juu ya chasisi, iangalie kwa siku moja au mbili, sahihisha. Katoni ni bure, plastiki siyo. Mbavu za boneti nimezikuna kwa rula ya chuma na ncha ya kisu, kidogo kidogo. Gundi ni ya mabomba. Vioo ni jalada angavu la faili. Msasa, praima, kisha rangi ya kupuliza, tabaka nyembamba tatu. Mimi nimeweka ile ya maziwa. Taa utafunga mwishoni ukipenda.

Turudi kwenye uzito. Leta mizani ya jikoni. Weka magurudumu ya mbele juu yake, ya nyuma juu ya vitabu vyenye kimo sawa na mizani, soma. Kisha geuza. Gari hili lote lina kilo 2.8, na mara ya kwanza mbele palikuwa na kilo 1.3 tu. Nilitaka 1.6, ambayo ni kama asilimia 57. Dukani wanauza vipande vya shaba nyeupe vya kufunga kwenye ekseli, navyo ni vizuri. Mimi nilikwenda kwa fundi wa matairi nikanunua risasi za kubalansi, zile za kubandika, nikazizungusha ndani ya rimu za mbele, gramu 90 kila moja. Nyuma gramu 30. Ukikosa hizo, chubwi za nyavu zipo kwa wavuvi. Risasi ni sumu: izungushie utepe, nawa mikono, watoto wasiichezee. Uzito ukiwa ndani ya rimu hauzilemei springi hata kidogo, na unakaa chini, usawa wa ekseli.

Springi ziwe laini. Gari likisimama lenyewe, shokapu iwe imeshuka karibu nusu ya mwendo wake, ili gurudumu liweze kushuka kufuata shimo kama linavyoweza kupanda jiwe.

Sasa jaribio la ubao. Simamisha gari kwa magurudumu yake juu ya ubao mpana, bandika pembeni karatasi yenye digrii, inua ubao taratibu upande wa ubavu wa gari. Kabla ya risasi lilikuwa linapinduka digrii 38. Baada ya risasi na kuhamisha betri, tazama sasa… 40… 44… 46, hapo. Mota ni ileile, matairi ni yaleyale.

Haya, twende jiweni. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Wakati wa kuzima, gari kwanza. Kidole kiende taratibu. Usiligonge jiwe kwa kasi: leta tairi moja la mbele liguse, liache libane, ongeza kidogo, subiri la pili lipande. Likizunguka bila kushika, acha. Rudi nyuma nusu mita, badilisha pembe, jaribu tena. Ukiona pua inanyanyuka, achia, breki italishika.

Ukirudi nyumbani futa maji, tia tone la mafuta kwenye beringi, chomoa betri na uiache kwenye volti 3.8 kwa kila seli kama hutaitumia kwa siku kadhaa.

Ngoja nigeuze kamera. Lile jiwe la kushoto, lenye ufa katikati, gari hili halijalipanda bado. Nitaingia upande wa kulia wa ufa, tairi la mbele kwenye ukingo ule.