Upauzana Ndani ya Dirisha la Terminali

Ndugu zangu waandaaji programu, nawashukuru kwa kuja. Nitazungumza juu ya mstari mmoja tu wa skrini, maana ndio tunaougombania: ule wa kuweka upauzana, yaani safu ya vitufe vya amri, ndani ya terminali, dirisha la maandishi matupu.

VT100, terminali ya zamani iliyokuwa kifaa kamili na iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na safu 80 na mistari 24. Hadi leo madirisha mengi ya terminali hufunguka kwa ukubwa huohuo. Ukifungua humo Emacs, kihariri cha maandishi, menyu inakaa juu, mstari wa hali na ule wa ujumbe vinakaa chini. Anayeandika amebaki na mistari 21. Anayetaka kuweka upauzana hapo anachukua mmojawapo, kwa hiyo lazima aonyeshe mwandishi anapata nini badala yake.

Wengi huanza na picha, na hapo ndipo ninapopinga. Terminali imegawanywa katika visanduku vya herufi. Zipo zinazoweza kuonyesha picha halisi, lakini huwezi kujua mtumiaji wako anayo ipi. Basi watu hukimbilia emoji. Emoji nyingi huchukua visanduku viwili, ila kihariri na terminali havikubaliani kila mara kuhusu upana wake. Vikitofautiana, kila kilicho upande wa kulia kinasogea. Mtu anabofya “Hifadhi”, kihariri kinadhani amebofya jirani yake. Kwa kitufe kinachogusa kazi ya mtu, hilo halivumiliki.

Tuandike maneno. Na kwa Emacs maneno hayo tayari yapo! Upauzana wake wa madirisha ya picha, yaani Emacs ikifunguliwa nje ya terminali, umejengwa kama menyu: kila kitufe kina amri yake, na kinaweza kubeba lebo, maelezo ya msaada na sharti la kuwashwa. Kwa nini tutunge orodha ya pili? Tusome ileile, tuache picha, tuchore lebo. Aliyeongeza kitufe chake kwenye dirisha la picha atakikuta pia kwenye terminali.

Kitufe kisichotumika kwa sasa, mathalani “Tendua” kabla hujabadilisha chochote, kififie lakini kibaki mahali pake. Kukificha kunahamisha vingine vyote, na mkono uliokwisha kuzoea unapotea. Dirisha likiwa jembamba, tuondoe vitufe vizima kuanzia mwisho. Neno lililokatwa katikati halimsaidii mtu.

Sasa kipanya. Terminali hutuma mibofyo pale tu programu inapoomba. Mfumo wa zamani wa xterm, programu mojawapo ya terminali, uliweka namba ya safu ndani ya baiti moja, isiyobeba zaidi ya 255, baada ya kuiongezea 32, hivyo uliishia safu ya 223. Mfumo mpya huandika namba kwa tarakimu, na ndio wa kutumia. Lakini ukishaomba mibofyo, mtumiaji hawezi tena kuburuta kipanya kuchagua maandishi kama alivyozoea. Kwenye terminali nyingi itambidi ashikilie Shift. Wapo wanaonakili kwa njia hiyo siku nzima. Kwa hiyo kuwasha upauzana kusiwashe kipanya kwa siri. Uamuzi huo aachiwe mwenyewe.

Je, upauzana usiobofywa una faida gani? Tazameni nano, kihariri kingine cha terminali: mistari miwili ya chini huonyesha amri pamoja na vibonye vyake vya kibodi, na mgeni anajua namna ya kutoka bila kumuuliza mtu. Huo ndio mfano ninaoupenda. Kando ya “Hifadhi” kiandikwe kibonye chake, ili hata aliyeunganishwa na kompyuta ya mbali, asiye na kipanya kabisa, aweze kuutumia mstari ule kwa kuusoma. Vitufe vitakuwa vichache zaidi, ndiyo, na mimi nakubali gharama hiyo.

Mwanzoni upauzana huu uwe umezimwa, na amri ileile inayouwasha kwenye dirisha la picha iuwashe hapa pia.