Akina mama wa TANU Mwanza: historia isiyo kwenye daftari

KABULA: Karibuni tena. Leo tunazungumza na vikundi vya akina mama vinavyotaka kuandika historia ya tawi lao hapa Mwanza. Wengi huanzia 1962, ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na kwa mji huu hapo ni katikati ya hadithi.

MASANJA: Wakirudi nyuma wanakwama, dada. TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954, na kabla mwaka haujaisha serikali ya kikoloni ikakataa kuisajili Usukumani, Mwanza ikiwemo. Marufuku ikaja kuondolewa 1958. Sasa mtu anatafuta orodha ya wanachama wanawake ya 1956! Nani angejiandikisha apate kukamatwa?

KABULA: Ndiyo maana nasema msitafute orodha, tafuteni vikundi vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa sehemu ya wanawake ya TANU kule Dar es Salaam, 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Akawafuata viongozi wa vikundi vingine. Kiongozi akikubali, wenzake wanakuja naye. Na hapa ulizeni hivyohivyo: nani walicheza pamoja, mkubwa wao nani, walikutana kwa nani.

MASANJA: Ila usimuulize bibi, "Ulijiunga mwaka gani?" Atakwambia 1961, maana ndio mwaka anaousikia redioni kila Desemba. Muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla ya watu wa Geita kuja Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko, lile la Waafrika, Wazungu na Waasia pamoja, 1958? Kabla ya ziwa kujaa? Mvua za 1961 zilianza kulipandisha, na kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Mtu wa ufukweni hasahau hilo. Na wakati huo mgongoni alikuwa na mtoto yupi?

KABULA: Halafu majina, kaka, hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Mama mmoja ana jina la kwenye kadi, jina la ngomani, na jina la mwanawe wa kwanza. Usipoangalia unapata wanachama hewa wawili. Kila mtu awe na karatasi yake: majina yote juu, mtaa, kikundi, na nani amemtaja. Na wengi waliobaki ni mabinti zao, kwa hiyo andika wazi: hili aliliona, hili alisimuliwa.

MASANJA: Kurekodi, waweke kwanza wawili watatu pamoja, wakumbushane nyimbo. Siku nyingine kila mmoja peke yake, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye anakuwa historia. Saa moja inamtosha mtu wa miaka tisini. Zima feni, zima mtandao wa simu, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa. Mezani itanasa kila kikombe kinachowekwa. Mvua ikigonga bati, ahirisha tu.

KABULA: Na ruhusa iombwe mara mbili, mwanzo na mwisho. Titi mwenyewe alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Mzee akishusha sauti mkifika hapo, muulize kama kipande hicho kibaki kwenye rekodi au kitolewe.

MASANJA: Picha na kadi zisitoke nyumbani kwa mwenyewe. Piga kivulini karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na picha, mbele na nyuma, kwa sababu muhuri wa studio huwa nyuma. Maelezo yaandikwe kwa penseli laini, nyuma ya picha, pembeni. Na jamani, laminesheni hapana! Ule moto unaiharibu picha, na plastiki ikishashika haibanduki.

KABULA: Mfuko wa nailoni nao unafungia unyevu. Tumieni bahasha za karatasi, kwenye sanduku la bati, lisikae sakafuni, mchwa wapo.

MASANJA: Sauti ziwe na nakala tatu, kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Wengine hukimbilia makumbusho ya Bujora.

KABULA: Waulizeni Bujora kwanza kama watazipokea. Bujora ni nyumba ya utamaduni wa Kisukuma, na wengi wa akina mama wa TANU wa mjini hawakuwa Wasukuma.