Shajara Isife na Simu

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Najua wengi wenu mnaandika shajara kwenye simu. Programu ile ikifungwa kesho, mtaisomea wapi?

Mimi natumia Day One, programu ya shajara. Nakala rudufu yake ya JSON, muundo wa kuhifadhi data kwa maandishi, hutoka kama zipu moja. Ukiifungua unakuta faili la maandishi na folda ya picha. Maisha yako yote yamo humo, lakini jaribu kuyasoma: mabano juu ya mabano, nukta pacha, namba ndefu zisizo na maana kwako. Unavyo vitu vyako, ila havisomeki. Ndipo inapokuja skripti, yaani programu fupi ya kujiandikia. Yangu, ya lugha ya Python, haifiki mistari mia: inafungua faili, inapita andiko moja baada ya jingine, inageuza alama za Markdown, zile za kupanga maandishi, kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, inatoa ukurasa mmoja kwa kila siku.

Lililonileta mbele yenu hasa ni suala la saa. Mwanangu alizaliwa saa saba na nusu usiku, usiku wa kuamkia Jumanne. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikaandika maneno matatu. Nakala rudufu huhifadhi saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo andiko lile limewekwa 22:30, Jumatatu. Skripti yangu ya mwanzo ilichukua herufi kumi za kwanza za tarehe ikazifanya jina la ukurasa. Mtoto wa Jumanne akawa wa Jumatatu! Iliniuma sana.

Msikimbilie kuongeza saa tatu kila mahali. Niliyoandika nikiwa Muscat yanahitaji nne. Kila andiko lina sehemu iitwayo timeZone, mathalani Africa/Nairobi. Isomeni hiyo, kisha iachieni zoneinfo, moduli ya saa za maeneo iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, ifanye hesabu.

Picha nazo zina majina mawili. Ndani ya maandishi picha inaitwa kwa kitambulisho, lakini kwenye folda faili lake limepewa jina la md5, msimbo unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Orodha ya picha iliyo ndani ya andiko ndiyo inayoyaunganisha. Picha ikikosekana, skripti isimame na kusema ni ipi, isipite kimya.

Halafu kuna ng' yetu. Simu nyingi hugeuza kile kialama kuwa cha kupinda. Msipotangaza utf-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, juu ya ukurasa, kivinjari kinaweza kuwaonyesha «ngâ€™ombe». Mstari mmoja tu unaiokoa lugha yetu: <meta charset="utf-8">.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini kurasa tuli, yaani mafaili ya kufungua tu? Kwa sababu hazidai seva, hifadhidata wala nywila ya kampuni. Kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, za miaka ya 1990, bado zinafunguka kwenye vivinjari vya leo. Zangu siziweki hadharani, maana ndani yake mna siri za watu wengine. Ziko kwenye flashi mbili, moja anayo dada yangu.

Sasa nazima intaneti, mnaona. Nachomeka flashi. Huu hapa ukurasa wa Jumanne ile, saa 01:30: «Amefika. Analia. Alhamdulillahi.»