Bima ya Marekani, mchango wa SHA, na nyumba yenye mgonjwa wa kudumu

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na shikamooni wazee wangu. Leo nazungumza nanyi kutoka Houston kuhusu jambo ambalo jamaa wengi wa nyumbani hawaliamini ninapowaeleza, nalo ni kwamba familia yenye bima huku Marekani inaweza kuelemewa na ugonjwa wa kudumu, ilhali tiba ipo na kadi ya bima imo mfukoni.

Mume wangu ana kisukari, naye ni dereva wa kujitegemea, kwa hiyo hana mwajiri wa kumchangia. Watu kama sisi hununua bima katika soko lililoanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Obama mwaka 2010. Sheria hiyo ina heri kubwa: tangu 2014, bima za soko hilo haziwezi kumkataa mtu wala kumtoza zaidi kwa kuwa ni mgonjwa tayari. Mwaka 2021 serikali iliongeza ruzuku ya kupunguza malipo, lakini nyongeza hiyo ilikoma mwisho wa 2025, baada ya mvutano bungeni uliosababisha shughuli za serikali kufungwa kwa siku 43. Taasisi ya KFF, inayotafiti sera za afya, ilikadiria kwamba mtu wa ruzuku aliyekuwa akilipa wastani wa dola 888 kwa mwaka angejikuta akilipa dola 1,904 mwaka 2026.

Hayo ni malipo ya kumiliki kadi tu. Bima nyingi humtaka mgonjwa agharamie matibabu kutoka mfukoni hadi kifike kiasi fulani, ndipo kampuni ianze kuchangia, na kila mwaka mpya hesabu huanza upya. Kwa mwaka 2026 familia inaweza kutozwa hadi dola 21,200 kwa njia hiyo, mbali na malipo ya kila mwezi. Mwenye afya njema anaweza kununua bima ya bei ya chini akamwomba Mungu amwepushe na maradhi; mwenye kisukari hawezi, kwa sababu insulini, vipimo na daktari wa macho ni mambo ya mwaka mzima. Nikiwasikia wanasiasa wa huku wakisifu uhuru wa kuchagua bima, hujiuliza kama wamewahi kuishi na mgonjwa.

Kwetu Kenya nako hesabu imebadilika. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, Oktoba 2024, mwajiriwa alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, hivi kwamba anayepata shilingi 100,000 hutoa 2,750, ilhali zamani makato hayakuzidi 1,700. Asiye na ajira rasmi, awe mvuvi, dereva wa tuktuk au mama muuza viazi karai, hupangiwa mchango kulingana na uwezo wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa anayepata riziki yake siku kwa siku hana mahali pa kuchota 3,600 kwa mkupuo, sembuse akipangiwa zaidi. Hata hivyo, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa kiwango cha SHA cha shilingi 10,650 kila mara, hutumia 21,300 kwa wiki moja, kiasi kinachozidi mbali hiyo 3,600 ya mwaka mzima.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa ughaibuni kwamba utaratibu wetu wa kungoja mgonjwa alazwe, kisha tufungue kundi la WhatsApp la harambee, unatugharimu mno. Afadhali tuwalipie wazazi mchango wa mwaka mapema, wakiwa wazima. Nanyi mlioko nyumbani, mkumbuke kwamba mchango wa SHA humhusu anayelipa, mwenza wake na watoto wake. Mama mzazi hahesabiwi katika kaya ya mwanawe, bali lazima asajiliwe na kulipiwa peke yake. Kwa hiyo kabla hamjaniomba pesa za dawa za bibi, nitumieni kwanza uthibitisho kwamba amesajiliwa, pamoja na kiasi alichopangiwa, nami nitalipa.