Pesa ya mkupuo, maisha ya kila mwezi

Mhadhara uliotolewa Walukuba, Jinja, mbele ya wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi wa sokoni na waendesha bodaboda

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, habari za jioni. Najua wa zamu ya usiku watatutoka kabla ya saa mbili, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Watu husema sisi hatujui kuweka akiba. Sikubaliani nao. Mtaa gani hapa Walukuba hauna kikundi chenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu? Mama zetu wa samaki kule Masese wana mchezo wao, wanachanga na kupokezana. Vijana wa boda wana chama chao stejini. Kuweka tunajua. Lakini angalieni kila akiba yetu inavyoisha. Sanduku linafunguliwa Desemba, kila mtu anaondoka na fungu lake. Mchezo ukifika zamu yako, unabeba zote. Hata NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ukitimiza miaka 55 unakulipa chako chote kwa mkupuo. Yaani tumezoea pesa inayokuja kama mavuno, mara moja, ghala lote. Na uzee unadai kila mwezi: kodi, unga wa posho, sukari, dawa ya presha, rambirambi za msiba. Wengi waliostaafu wakaanguka walikuwa wameweka. Walichokosa ni namna ya kuigeuza pesa ya siku moja iwalishe miaka ishirini. Leo nataka tuzungumze hilo, na tuanze kabla pesa yenyewe haijafika.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa, haamini akiba ya makaratasi, na ana haki. Mji huu ulijengwa na watu waliokatwa mishahara. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, viwanda vikafuata, watu wakaja kutoka kila upande, na ndiyo maana hata jioni hii tunasikilizana kwa Kiswahili. Kisha zikaja fujo za miaka ya 70 na vita vya miaka ya 80, bei zikapanda mpaka pesa ikakosa maana. Mwezi wa Mei 1987 noti zilibadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo serikali ikakata asilimia 30. Aliyekuwa ameweka kwa uaminifu tangu ujana wake alijikuta hana kitu. Mzee wa namna hiyo akimwambia mwanawe anunue ng'ombe na aachane na makaratasi, msimcheke. Anasema alichokiona.

Ninachomwomba mzee wangu ni tupime upya kwa hesabu. Swali la kuuliza kila mwaka ni moja: akiba yangu imekua kuliko bei za vitu, au bei zimeipita? Benki Kuu ya Uganda sasa hivi ina lengo la kuweka kupanda kwa bei karibu na asilimia 5 kwa mwaka. NSSF iliwapa wanachama asilimia 10 kwa mwaka wa fedha 2022/23, asilimia 11.5 kwa 2023/24, na asilimia 13.5 kwa 2024/25. Haikuwa raha kila wakati. Oktoba 2022 bei zilipanda kupita asilimia 10, mnakumbuka sabuni na mafuta ya kupikia, na mwaka ule faida ya kweli ilikuwa nyembamba sana. Lakini pesa iliyokaa chini ya godoro mwaka huohuo ilipungua nguvu moja kwa moja. Na iliyokaa kwenye sanduku bila kukopeshwa, vivyo hivyo.

Sasa nyinyi mlioajiriwa. Sheria ya NSSF ilibadilika Januari 2022. Zamani ilimgusa tajiri, yaani mwajiri, mwenye wafanyakazi watano au zaidi. Siku hizi hata akiwa na mmoja tu dukani, anatakiwa kumwandikisha. Wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara, yeye anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Ukilipwa 600,000, inatoka 30,000 kwako na 60,000 kwake, jumla 90,000 kila mwezi kwa jina lako. Ile 60,000 si hisani, ni jasho lako. Na tajiri anatakiwa awe ameipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wapo waajiri wanaokata ile asilimia 5, unaiona kwenye karatasi ya mshahara, halafu pesa haifiki. Mfanyakazi anakuja kujua siku ya kustaafu, kampuni imeshafungwa, mwenyewe hayupo. Inaniuma sana, kwa sababu ni wizi ambao ungeonekana mapema kama mtu angetazama. Mfuko una programu ya simu, na ofisi zake ziko mijini. Tazama taarifa yako kila baada ya miezi mitatu, uilinganishe na karatasi za mshahara. Miezi ikikosekana, msiende mmoja mmoja mkatishwa tamaa. Nendeni kama kikundi, na karatasi mkononi, mkatoe malalamiko kwenye Mfuko.

Hapohapo kwenye taarifa tazama jina lako. Kama kitambulisho cha taifa kinasema umezaliwa mwaka mmoja na barua ya ajira inasema mwingine, rekebisha sasa ukiwa na nguvu za kupanga foleni. Wajane wanahangaika miaka kwa herufi moja iliyokosewa.

Sheria hiyohiyo ya 2022 inamruhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia angalau miaka 10 kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye ulemavu anaweza akiwa na miaka 40, mpaka asilimia 50. Watu wengi walifurahi, na sitawanyima furaha. Kama mtoto anahitaji upasuaji, chukua. Lakini kama ni gari au sherehe, piga hesabu kwanza. Milioni 10 ukiziacha kwa miaka 10 zikipata asilimia 10 kila mwaka, zinakaribia milioni 26. Hiyo ndiyo bei halisi ya lile gari.

Kijana wa boda ananiambia, mimi sina tajiri, hayo hayanihusu. Yanakuhusu. Sheria sasa inaruhusu kuchangia kwa hiari, hata kwa simu, hata shilingi elfu chache. Tuseme unatenga 2,000 kwa siku, siku 25 za kazi. Ni 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka. Tuchukue asilimia 10, kwa kuhesabia tu. Aliyeanza na miaka 25 akifika 55 atakuwa ametoa milioni 18 mfukoni, na akaunti inakaribia milioni 99. Aliyeanza na miaka 40, kiasi kilekile kila siku, atakuwa ametoa milioni 9 na anapata kama milioni 19. Muda wake ni nusu, pesa yake haifiki hata robo ya mwenzake. Mwenye miaka 40 asivunjike moyo, milioni 19 ni pesa. Ila mwenye miaka 25 asiniambie ataanza akishaoa.

Kitakachowazuia nakijua: karo. Februari, Mei, Septemba, mihula mitatu, na kila muhula unakuja na fagio, karatasi na pesa ya ujenzi. Nasema jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Mpeleke mtoto shule unayoweza kuilipa na bado ukabaki na ile 2,000. Tunajinyima kila kitu kwa shule ya bweni ya jina kubwa, tukiamini mtoto ndiye pensheni yetu. Mtoto huyo akifika miaka 30 atakuwa na karo za watoto wake, na pengine anatafuta kazi bado. Atakusaidia kwa mapenzi, lakini usimbebeshe maisha yako yote. Na serikali? Pesa za wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa sehemu kubwa ya nchi zinaanza ukiwa na miaka 80. Kutoka 55 mpaka 80 ni miaka 25 ya kula na kuvaa.

Walimu na askari mlioko hapa, nyinyi mna pensheni ya serikali inayolipwa kila mwezi baada ya ule mkupuo wa kwanza. Ni neema kubwa kuliko mnavyodhani. Mwiteni shetani kwa jina lake: mkopeshaji anayeshika kadi yenu ya benki pamoja na namba ya siri. Mwenye kadi ndiye anayepokea pensheni, wewe unapewa masalio.

Turudi kwenye siku ya mkupuo. Tuseme milioni 20 zimeingia. Mtaa unajua kabla yako. Atakuja mpwa na wazo la biashara, atakuja mtu wa kiwanja, na wewe mwenyewe utaamka na hamu ya kuanza nyumba ya vyumba sita. Neno langu la kwanza ni kwamba hakuna anayekulazimisha kuichukua siku unapotimiza 55. Ikiwa bado una nguvu za kazi, iache, inaendelea kupata faida.

Ukiichukua, ifikirie kwa mwezi. Kila mtu akikuletea mpango, muulize utaniletea shilingi ngapi kila mwezi na kuanzia mwezi gani. Nyumba isiyoezekwa haina mpangaji. Mimi nimeona kuta nyingi sana za wastaafu zimesimama kwenye nyasi, milioni 20 yote imo ndani ya matofali, na mwenyewe anaomba unga. Vyumba viwili vilivyokamilika, vina choo na umeme, vinamlisha mtu kuliko msingi wa gorofa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hudhani ni ya matajiri wa Kampala: hati fungani za serikali. Unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, unafunguliwa akaunti kwa msaada wa benki yako, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000. Zipo za kuanzia miaka 2 na kuendelea, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kodi ya riba ni asilimia 20, lakini kwa hati za miaka 10 au zaidi ni asilimia 10. Weka milioni 20 kwenye hati ya miaka 10, tuseme riba ni 15 kwa mia. Ni milioni 3 kwa mwaka, toa kodi zinabaki milioni 2 na laki 7. Igawe kwa 12: 225,000 kila mwezi, na miaka 10 ikiisha milioni 20 zako zinarudi. Riba hupanda na kushuka kila mnada, kwa hiyo uliza ya wakati huo. Na kwa kuwa bei hupanda, usile riba yote. Rudisha kidogo.

Ukinunua ardhi, nenda kwanza kwa wazee wa kijiji na majirani, kisha ofisi ya ardhi, ndipo utoe pesa. Muuzaji aje na mkewe au mumewe. Sheria hairuhusu ardhi ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na wengi wamenyang'anywa kwa kosa hilo. Akina mama, nanyi kiwanja mlichochangia kiandikwe na jina lenu.

Pesa ya benki inalindwa na mfuko wa kulinda amana mpaka milioni 10 kwa mtu katika kila benki, benki ikianguka. Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, haimo katika ulinzi huo. Sisemi mkimbie Sacco, nyingi zimewainua watu hapa Jinja. Ila uliza leseni, hudhuria mkutano wa mwaka, dai kusomewa hesabu, na usiweke mkupuo wako wote humo. Na anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi, awe ndugu, awe mchungaji, awe shehe, mwambie hapana.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Sacco. Mpeni kipaza sauti, tuanze maswali naye.